Mlango Una Mwenyewe

"Hodi."

Bibi Mwanahawa alikuwa amekaa kitandani, anajipaka mafuta miguuni. Aliinua kichwa, akamtazama Bibi Ng'washi wa kitanda cha pili. Bibi Ng'washi naye alikuwa anamtazama yeye.

"Hodi humu ndani," sauti ilirudia. Ilikuwa sauti ya kike, na hawakuijua.

Tangu waletwe kwenye makao yale ya wazee, kule Itetemia, pembeni ya mji wa Tabora, hakuna aliyewahi kupiga hodi chumbani kwao. Wahudumu walisukuma tu mlango wakaingia. Kengele ikilia, unaamka. Ikilia tena, unakula. Sasa hodi hii aijibu nani? Anayesema karibu ni mwenye nyumba.

"Pita tu, mwanangu," Bibi Mwanahawa alisema mwishowe. "Mlango huu hauna mwenyewe."

Aliingia msichana mwembamba mwenye vumbi la safari kwenye viatu.

"Shikamooni, bibi zangu."

"Marahaba."

"Naitwa Asnath. Ni afisa ustawi wa jamii, nimehamia hapa leo. Nimekuja kuwasalimu na kuwauliza jambo dogo. Jumamosi mngependa kula nini?"



"Chochote," alisema Bibi Mwanahawa.

"Chochote," alisema Bibi Ng'washi.

"Hakuna hata kimoja mnachokitamani?"

"Tunashukuru kwa tunachopewa."

Asnath alisimama kidogo, kama mtu aliyesahau alichofuata. Kisha akaaga, akaurudisha mlango taratibu.

"Wanatutoa," Bibi Ng'washi alisema.

"Nani kasema?"

"Usijifanye mtoto, Mwanahawa. Wewe nyumbani kwako ukitaka mgeni aondoke, ulikuwa unamfanyaje?"

Jibu Bibi Mwanahawa alilijua. Kwao, mjini, mgeni hakuulizwa. Alinawishwa mikono, akawekewa chakula, akaambiwa karibu. Ukianza kumuuliza utakula nini, ni kama umemsogezea viatu vyake. Mgeni naye alikuwa na adabu zake. Hachungulii jikoni. Hasemi kitu fulani kimepungua. Adabu hizo ndizo walizokuwa wakiishi nazo pale makaoni.

"Lakini tumekosa nini?" aliuliza.

"Labda tunakula sana."

"Nani? Wewe unayeacha ugali nusu kila siku?"

Bibi Ng'washi hakucheka. Alitandika kanga, akaanza kupanga nguo zake juu yake. Alikuwa mtu wa Puge. Nyumba yake huko iliangushwa na mvua, na hakuwa na mtoto wala ndugu wa kumpokea. Siku hizi alikuwa amekonda mpaka bangili zilimtoka zenyewe mkononi.

"Utakwenda wapi na hali hiyo?"

"Popote. Niondoke mwenyewe, nisiondolewe."

Hofu ilimshika Bibi Mwanahawa. Aliketi kando ya mwenzake. "Mimi siyo afisa. Niambie mimi. Unatamani kula nini?"

Bibi Ng'washi alifunga fundo la kanga kwanza. "Michembe," alisema kwa sauti ndogo. "Vile viazi vitamu vya kukausha juani. Mama alivichemsha na karanga za kutwanga mpaka vikalainika."

"Basi ngoja Jumamosi. Nitakupikia kwa mkono wangu. Ukila ukaona bado unataka kuondoka, nitakushikia mzigo mpaka getini."

Alipokwisha kusema, akajishangaa. Atapikia wapi? Jiko la makao hajapata hata kuliona.

Kesho yake alikuja Idrisa, mtoto wa kaka yake, fundi seremala wa mjini.

"Shikamoo, shangazi. Mbona hivyo? Umeota vibaya?"

Bibi Mwanahawa akamweleza yote. Idrisa alimshika mkono, wakaenda moja kwa moja ofisini kwa Asnath.

"Dada, wazee wamekosa nini mpaka muwafukuze?"

"Nani kawafukuza?"

"Si umewauliza watakula nini?"

Asnath alimtazama Idrisa, akamtazama Bibi Mwanahawa. "Niliuliza, ndiyo. Samahani, sijaelewa."

Bibi Mwanahawa akamweleza habari ya mgeni na adabu zake. Asnath aliketi polepole.

"Na mimi niliondoka pale nikidhani hamna mnachotaka. Kumbe nimewatisha." Akafikiri. "Bibi, hapa wewe ni mgeni wa nani?"

Bibi Mwanahawa alitaka kujibu, akakosa jina la mwenyeji. "Wenu," alisema, bila uhakika.

"Hapana, bibi. Hapa ni kwako. Kitanda na ugali havitoshi kufanya makao. Mtu akizeeka hapotezi hiari yake. Saa ya kulala, nguo ya kuvaa, kwenda msibani au sokoni, nani aingie chumbani kwako: hayo uyaamue mwenyewe, kadiri unavyoweza. Pale usipoweza, sisi tunakusaidia. Ndiyo maana nilipiga hodi."

"Kama ni kwangu, mbona jikoni sijawahi kufika?"

Asnath aliinuka. "Sijui, bibi. Twende tukaulize."

Mpishi Ngollo aliwapokea mlangoni, mwiko mkononi. "Haiwezekani. Mzee akiungua humu, ataulizwa Ngollo. Nani atanitetea?"

"Una haki ya kuogopa," Asnath alisema. "Kumpa mtu hiari siyo kumwacha aungue. Hebu tuulizane. Bibi, kipi unaweza na kipi huwezi?"

"Sufuria la moto siwezi kubeba, mikono inatetemeka. Karanga natwanga. Kukoroga nakoroga, nikiwa nimekaa."

Ngollo alijikuna shingo. "Nitaweka jiko la mkaa chini, hapo nje penye hewa. Kuipua ni kazi yangu. Ila usije ukaanza kunifundisha kusonga ugali."

"Wako una mabonge."

"Haya, ameanza," alisema Ngollo.

Asnath alisema Bibi Ng'washi apelekwe pia kwa daktari, maana mzee akikonda haitoshi kusema hana hamu. Daktari alimpima. Hakuona ugonjwa, akashauri ale kidogo kidogo mara kwa mara, chakula anachokipenda.

Wiki ile mambo yalianza kubadilika, lakini hayakunyooka mara moja. Wazee waliitwa kikaoni, wakaulizwa, na wengi wakasema chochote. Asnath alipotaka kuondoa kengele ya asubuhi, Mzee Adinani alikataa. Bila kengele, alisema, hajui kama ameamka au bado anaota. Asnath akachanganyikiwa upya. Mwishowe walikubaliana kengele ipigwe, na atakaye ndiye aamke.

Kifurushi cha Bibi Ng'washi kilibaki kitandani, kimefungwa.

Jumamosi Bibi Mwanahawa aliketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa. Karanga ameshatwanga. Maji yalikuwa ndiyo kwanza yanachemka, bajaji ikaingia uani. Idrisa alishuka amevaa kanzu.

"Shangazi, jiandae. Ni leo."

"Si mlisema kesho?"

"Shehe anasafiri na treni kesho, wameisogeza. Mtoto wa Ummy anapewa jina mchana huu."

Ummy alikuwa binti wa Idrisa, na huyo alikuwa mtoto wake wa kwanza. Bibi Mwanahawa hajamtia machoni bado. Zamani angeomba ruhusa, akaambiwa asubiri. Leo hakuna wa kumzuia. Alimgeukia Asnath.

"Nifanyeje?"

"Siwezi kukuchagulia, bibi. Ukienda, Ngollo atamalizia."

"Nikienda, atakula?"

"Sijui."

"Hiari gani hii inayouma?" alinung'unika. Alilitazama sufuria. Aliitazama bajaji. Kisha akawaza kile kifurushi kitandani.

"Nenda, mwanangu. Mwambie Ummy nitakuja kesho kumpakata. Kuna mtu nimemwahidi."

"Shangazi, jina anapewa mara moja tu."

"Najua."

Bajaji iliondoka. Bibi Mwanahawa aliifuata kwa macho mpaka vumbi likatua, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, akausingizia moshi. Akaendelea kukoroga.

Michembe ilipolainika, Ngollo aliipua. Wakaketi barazani, sahani moja katikati. Bibi Ng'washi alichota kijiko, akatafuna polepole. Akachota cha pili. Akachota tena. Kisha akaweka kijiko chini.

"Mwanahawa."

"Naam."

"Chumvi haijakolea."

Ngollo alishtuka, akamtazama Asnath. Bibi Mwanahawa yeye alimkazia macho mwenzake. Maneno hayo mgeni hayasemi. Kicheko kilimpanda taratibu, mpaka mabega yakatikisika.

"Iko jikoni, kwenye kopo la bluu," alisema. "Kachukue mwenyewe."

Bibi Ng'washi alishika mkongojo wake, akainuka. Akakokota miguu mpaka jikoni, akaingia bila kupiga hodi.