Ukurasa wa Sabini na Moja

Kila Jumamosi, Umeme alimsaidia shangazi yake katika duka la kuchapa na kutoa nakala. Jina hilo alibandikwa na wateja kwa wepesi wa vidole vyake. Wengine walihangaika na kipanya, wakishuka ukurasa mmoja mmoja. Yeye alibonyeza vibonye vya Ctrl na End kwa pamoja, na papo hapo yuko mwisho wa waraka. Ctrl na Home, karudi mwanzo. Sifa zilimlevya, maskini.

Siku hiyo kulikuwa na kitabu cha Bibi Mkunga, kurasa mia moja na kumi na mbili za mafunzo kwa akina mama. Bibi aliandika kwa mkono, shangazi akachapa.

"Soma neno kwa neno, ulinganishe na daftari lake," shangazi aliagiza. "Hiki ni kitabu cha afya. Kosa moja tu litamdhuru mtoto wa watu. Saa nane tunakipeleka kiwandani kikachapishwe."

Umeme alisoma kurasa tisa, akapiga miayo. Shangazi alipotoka kununua wino, vidole vikamwasha. Ctrl, End! Kisha akafungua mchezo wa karata.

Shangazi alirudi akiwa ameongozana na Bibi Mkunga mwenyewe. "Haya, umefika mwisho?"

"Nimefika, shangazi."

Na kweli alikuwa amefika! Uongo wa namna hiyo ndio mbaya, maana umevaa nguo za ukweli.

Bibi Mkunga aliketi akitabasamu. "Basi umeuona ukurasa wa sabini na moja? Hapo nimekuandika wewe, mjukuu wangu, siku nilipokupokea duniani."

"Nimeuona, bibi! Umenichekesha sana!"

Tabasamu la bibi likazimika. Shangazi alisogea kwenye kompyuta. Aliinama, akabonyeza Ctrl na G, akaandika 71, ukurasa huo ukafunguka. "Soma kwa sauti."

"'Mama alipoteza damu nyingi, akazimia,'" Umeme alisoma. "'Kichanga kililia peke yake pembeni. Sikuwa na mkono wa kukibeba, nilikuwa nikipigania uhai wa mama yake…'"

Akaishia hapo. Nyumbani hakuwahi kuambiwa habari hiyo. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Amechekeshwa na mateso ya mama yake! Tena anasema hivyo mbele ya aliyemwokoa!

"Sikusoma, bibi," alisema huku machozi yakimtoka. "Niliruka hadi mwisho. Naona aibu. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Lakini hao akina mama watakaokisoma, je?"

Shangazi alipiga simu kiwandani, akaomba wasubiri hadi Jumatatu. Umeme akaweka daftari mapajani, akaanza upya ukurasa wa kumi. Kwenye ukurasa wa thelathini na nane alishtuka. Daftari lilisema maji ya mtoto anayeharisha huwekwa sukari vijiko sita vya chai na chumvi nusu kijiko, kwa lita moja. Kwenye kompyuta, sukari na chumvi zilikuwa zimebadilishana.

"Shangazi! Chumvi vijiko sita!"

Shangazi alishika kichwa. "Ole wangu! Nimekosea mimi, na wewe ndiye niliyekutegemea unikosoe."

Umeme hakuweza kumtazama. Shangazi akamshika bega.

"Vibonye hivyo si vibaya, mwanangu. Hata mimi navitumia. Vinakufikisha unapotaka, lakini havikusomei. Nikikuuliza kazi, usiniambie umefika wapi. Niambie umefanya nini."