Kapasita za Zambarau

Kila Ijumaa baada ya masomo, Nashipae hupitia dukani kwa mama yake kabla ya kwenda nyumbani. Duka liko nyuma ya soko la Kitengela, kati ya kinyozi na muuza chakula cha kuku. Mama yake, Rahab, alisomea ufundi wa vifaa vya umeme chuoni, na hutengeneza chochote chenye waya: redio, televisheni, hata mashine za kuangua vifaranga. Nashipae hufagia, hupanga skrubu, kisha huketi kutunga shanga za kuuza. Ana jicho kali. Mpe shanga mia za buluu, atakuonyesha ile moja iliyopauka.

Ijumaa hiyo hakuja peke yake. Alikuja na Hiram na Mumbi wa darasa lake, wakiwa wamebeba kompyuta ya chama chao cha kompyuta, imefunikwa shuka kuukuu. Kesho yake walitakiwa mjini Kajiado, kwenye maonyesho ya wanafunzi, kuonyesha mchezo waliouunda wenyewe: mbuzi anayejaribu kuvuka barabara kuu bila kugongwa. Hiram ndiye aliyetoa sauti zote za mbuzi huyo. Lakini tangu asubuhi, mchezo ulipofunguliwa tu, skrini ilijaa mistari kisha ikawa giza.

"Bila mchezo hatuendi Kajiado," Mumbi alisema, karibu kulia.

"Machozi hayarekebishi kompyuta. Shika tochi," Rahab alijibu.

Alifungua kompyuta, akachomoa kadi ya picha, kile kibao kinachochora kila kitu kinachoonekana kwenye skrini. Juu yake palikuwa na vikopo vidogo vya zambarau, vimesimama kwa mstari.

"Hizi ni kapasita. Hushika umeme kidogo na kuutoa kadiri unavyohitajika, kama tangi la maji juu ya paa. Sasa tazameni hizi mbili. Vichwa vimevimba. Hizo zimekwisha."

Kabla hajaendelea, simu yake ililia. Mfugaji wa Isinya alikuwa akipiga kelele upande wa pili: mashine yake ya kuangua vifaranga imezimika, na mayai yaliyo ndani yanapoa. Rahab alichukua begi lake la vifaa.

"Nashipae, ng'oa hizo mbili kama nilivyokufundisha. Halafu ungoje nije tuchague nyingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Umesikia nini?"

"Ning'oe, ningoje."

Nashipae aliwasha chuma cha kulehemu, akayeyusha risasi polepole, na kapasita mbili zikatoka bila kukwaruza kibao. Kazi nzuri kabisa. Ila sehemu ya pili ya agizo ndiyo iliyokuwa ngumu.

"Sasa tunangoja mpaka mayai ya watu yaanguliwe?" Hiram aliuliza baada ya muda. "Si wewe ndiye fundi mdogo? Ama wewe ni wa kung'oa tu, kama daktari wa meno?"

Mumbi alicheka. Nashipae hakucheka. Alivuta mkebe wa vipuri vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa, akaanza kupekua. Zilikuwamo kapasita nyeusi, za kijani, nyingine ndefu, nyingine fupi. Jicho lake la shanga likaona mbili za zambarau, urefu uleule, unene uleule, kana kwamba zilizaliwa pamoja na zile za kwenye kadi. Alisoma namba ya juu, ya kiasi cha umeme zinachoshika: 470. Akasoma ya zile za zamani: 470. Hakusoma zaidi. Alihakikisha mstari wa upande wa hasi umekaa panapostahili, akazilehemu.

Waliporudisha kadi na kuwasha kompyuta, mbuzi alitokea akiwa na pembe zake zote. Mchezo ulienda bila mstari hata mmoja. Hiram alipanda juu ya kiti akacheza. Mumbi alikimbia kwa kinyozi kuazima simu ampashe habari Mwalimu Timothy, msimamizi wa chama chao.

Nashipae alianza kusafisha meza. Aliokota kapasita mbovu ili azitupe, na moja ikageuka kiganjani. Chini ya ile 470 paliandikwa 16V. Alizima kompyuta kidogo, akainama na tochi kusoma zile alizozitia. 470, na chini yake 10V.

Aliigusa moja kwa ncha ya kidole. Ilikuwa ya moto.

"Mbona umezima?" Hiram akauliza.

"Naangalia tu."

Wakati huo Rahab aliingia, sweta lake limejaa manyoya ya kuku na uso wake ukiwa na furaha. Mayai yalikuwa yamepona. Kabla hajauliza, Hiram aliwasha tena na kumwonyesha mbuzi akiruka pikipiki.

"Kumbe!" Rahab alisema. "Umejaribu, msichana wangu. Hukungoja, hilo tutaliongea. Lakini ziko sawa?"

Mumbi alikuwa amerudi mlangoni. "Mwalimu amefurahi sana! Amesema tukutane naye kule kesho asubuhi!"

Wote walimtazama Nashipae. "Ndiyo" lilikuwa neno dogo tu, na hakuna ambaye angefungua kompyuta ile tena kuangalia.

"Haziko sawa, Mama," alisema. "Nilichagua kwa rangi. Zile za zamani ni volti kumi na sita. Mimi nimeweka za kumi."

Rahab alinyoosha mkono akazima kompyuta papo hapo.

"Ala!" Hiram alilalamika. "Lakini inafanya kazi! Si ungengoja Jumapili ndiyo uone hiyo namba?"

"Hiram," Rahab alisema, "hapo zinapokaa hizo kapasita hupita volti kumi na mbili. Ukifunga pampu yenye nguvu kwenye mpira mwembamba wa maji, kitatokea nini?"

Hiram alikuna kichwa. "Utapasuka."

"Lini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Labda leo, labda kesho jaji akiwa ameinama hapo kutazama mbuzi wako. Mimi hapa sina za kufaa. Lakini Kajiado kuna fundi mwenzangu, Lemayian. Kesho tutaanzia kwake, na Nashipae ndiye atakayechagua."

Asubuhi walimkuta Lemayian akifungua duka lake.

"Takwenya, Mama Nashipae!" alimsalimu Rahab kwa Kimaasai.

"Iko! Tuna haraka. Mtoto huyu anataka kapasita."

Lemayian aliweka visanduku vitatu mbele ya Nashipae. Katika cha kwanza zilikuwamo za zambarau, nzuri za kuvutia. Alisoma mpaka chini: 470, volti sita. Akazirudisha. Za pili zilikuwa 470, volti ishirini na tano.

"Volti zikizidi si mbaya," alisema polepole. "Ila zisipungue. Hizi ni za mashine gani?"

"Hilo ndilo swali!" Lemayian akacheka. "Hizo ni za redio. Kadi ya picha huvuta umeme kwa kasi sana. Ukiitilia hizo, zitachemka."

Za tatu zilikuwa nyeusi, ndefu kidogo, hazikufanana kabisa na jirani zake kwenye kadi. 470, volti kumi na sita, za kufaa kompyuta. Nashipae alipima nafasi kati ya miguu yake, akahakikisha hazitagusa feni.

"Zinaonekana kama meno ya bandia," Mumbi alisema.

"Yanatafuna," Nashipae akajibu, na wote wakacheka. Alizilehemu mwenyewe, mama yake akiwa amefumbata mikono.

Kwenye maonyesho, mbuzi aligongwa mara nyingi mno, kwa sababu jaji mmoja hakujua kuendesha na alikataa kuachia kibodi. Foleni ya watoto ilifika mlangoni. Mchezo uliendelea mpaka alasiri, na Rahab alipoikagua kadi, kapasita zilikuwa na joto la kawaida tu. Walipata nafasi ya pili, nyuma ya wanafunzi wa Loitokitok waliotengeneza kifaa cha kunyunyizia nyanya maji.

Walipokuwa wakikunja nyaya, Rahab alimgeukia binti yake mbele ya wenzake.

"Kazi ya jana ilikuwa mbaya. Ulikaidi agizo, ukasoma nusu, ukachagua kwa kupendezwa. Hayo yote yanatibika: ukisoma mpaka mwisho na kuuliza usilojua, utakuwa fundi. Lakini ungeniambia jana kwamba ziko sawa, ningekuwa na tatizo ambalo Lemayian hana kipuri chake. Ulisema ukweli wakati kila mtu alikuwa anafurahi, na ulijua mngeweza kukosa safari. Ndiyo maana Jumatatu kuna televisheni ya jirani mezani, na hiyo ni yako. Mimi nitafagia."

Hiram alifungua mdomo.

"Na wewe," Rahab alimwambia, "utashika tochi."