Mot de passe ya Guelord

— Inauliza tena!

Béthanie, sekretere wa shule, alisukuma kibodi mbele kana kwamba imemuuma. Kwenye skrini ya kompyuta ya shule lilikuwa limetokea lile dirisha: "Unaruhusu programu hii ibadilishe vitu kwenye mashine?" Akibonyeza ndiyo, linamdai mot de passe, neno la siri la msimamizi. Akibonyeza hapana, programu ya bulletins, ripoti za matokeo ya wanafunzi, inajifunga, puu!

— Bonyeza ndiyo, mama, alisema mkuu wa shule, Préfet Kabange, akiwa amesimama nyuma yake.

— Nabonyeza tangu asubuhi, Préfet. Inataka mot de passe, na minyi siijue.

Ilikuwa Alhamisi, saa nane mchana. Kesho yake saa tatu wazazi wangejaa uwanjani kwa proclamation, siku ya kutangaza matokeo, kila mmoja akingoja bulletin ya mtoto wake. Bulletins mia nne na kumi na mbili, na hata moja ilikuwa haijatoka. Kosa lilikuwa la Jumatatu. Mashine iliomba iwekwe mfumo mpya, ikaomba tena, ikaomba mara ya tatu, Béthanie akachoka akaikubalia. Tangu hapo, maswali hayakwisha.

— Nani aliweka hii mashine? Préfet aliuliza. Si ule kijana ya base, Guelord? Muite.

Béthanie akaitazama simu yake mezani bila kuigusa.

Guelord alikuwa mpenzi wake wa mwaka mzima. Yeye Béthanie ni binti wa mwalimu Lumbala, familia ya Kimetodisti ya mjini. Guelord ni mtoto wa adjudant, mwanajeshi wa Base ya Kamina, kambi ya jeshi, fundi wa kompyuta mwenye kibanda chake karibu na gare, kituo cha treni. Wiki tatu zilizopita, Jumapili baada ya ibada, jeep ilisimama mbele ya nyumba ya mwalimu. Wakashuka wanaume sita, migongo imenyooka, adjudant mbele, mbuzi wawili nyuma. Posa! Béthanie alikuwa jikoni anasonga bukari. Alitoka na mwiko mkononi, akasema mbele ya wote:

— Minyi hakuna mutu aliniuliza.

Jeep ikarudi base na mbuzi wake. Guelord alimwandikia ujumbe kumi na saba. Hakujibiwa hata mmoja.

Sasa Béthanie akampigia simu. Préfet alitaka kusikia, ikabidi aweke haut-parleur, sauti isikike chumba kizima.

— Allô? Béthanie? Ni weye kweli?

— Ni minyi. Iko kazi tu. Mashine ya shule inataka mot de passe ya msimamizi. Weye njo uliiweka.

Upande wa pili ikasikika bisibisi ikianguka.

— Guelord?

— Niko. Eh... nakuya minyi mwenyewe.

— Taja tu, kijana, tuandike! alidakia Préfet.

— Préfet, samahani sana. Ile haitajwe mu haut-parleur.

Dakika kumi baadaye pikipiki ilinguruma nje. Guelord aliingia na vumbi mpaka kwenye kope, akamsalimu Préfet kwa mikono miwili, akamtazama Béthanie mara moja tu na kuketi. Aliikinga kibodi kwa bega lake, akaandika upesi upesi. Dirisha likafunguka.

— Mona, angalia! alisema. Mfumo mpya uliishusha compte, akaunti ya Béthanie, sasa haina haki. Tena uliweka mulinzi ku ma-dossier, ku mafaili. Huyu mulinzi hajue programu yetu ya zamani, njo maana anaikatalia kuandika points, alama ya batoto.

— Basi zima huyo mulinzi, tumalize, alisema Préfet.

— Hapana, Préfet. Tukimuzima, clé USB moja yenye virusi itakula points ya batoto bote. Namuonyesha programu hii moja, na Béthanie nampa haki ku dossier moja. Ingine yote ibaki imefungwa.

Alibonyeza hapa, akatia alama pale, akaizima mashine na kuiwasha. Béthanie akafungua programu kwa kidole kinachosita. Haikuuliza kitu. Bulletin ya kwanza ikatoka kwenye printa, ya moto kama mkate.

Préfet alipiga makofi. Kisha akatoa karatasi mfukoni.

— Mashine ni ya shule. Mot de passe pia ni ya shule. Andika hapa, umupe sekretere.

Guelord alikuna kichwa. Akaandika, akaikunja karatasi mara nne na kumpa Béthanie. Préfet akatoka kutafuta karatasi za printa.

Béthanie akakunjua, akasoma: KichekoYaBethanie2022.

Alisoma tena. Mwaka ule alikuwa ndiyo kwanza ameanza kazi hapa shuleni. Walikuwa hata hawajasalimiana mara tatu.

— Guelord... tangu 2022?

— Tangu siku ya kwanza. Ulicheka juu nilichomeka câble ku tundu yenye haiko yake.

— Ukanyamaza miaka miwili. Halafu unatuma base nzima kwa baba yangu!

— Baba alisikia nakupenda, akasema Jumapili tunaenda. Nilishindwa kumuambia angoje. Na weye... niliogopa kukuuliza. Nilifikiri, nikiuliza, unaweza kusema hapana.

— Unajua kilichoniuma? Sauti yake ilishuka. Kama ungekuja peke yako, hata na miguu, hata na vumbi hii, ningesema ndiyo.

Guelord akasimama. Printa ilikuwa inatema bulletins, hakuna aliyeziangalia.

— Béthanie, unapenda nikuoe?

— Beba kwanza hizi karatasi, zinaanguka.

Akainama kuziokota, uso umemshuka. Béthanie naye akainama upande wa pili, mpaka vichwa vyao vikagongana.

— Ndiyo, alisema. Napenda. Lakini panga vizuri, iko bulletins mia nne hapa!

Wakacheka hadi Préfet akarudi mbio, akidhani mashine imeharibika tena.

Saa kumi na moja, ya mwisho ilipotoka, Béthanie alimpigia baba yake.

— Baba, Jumapili iko bageni.

— Nani? Si bale basoda ba base?

— Njo bale bale, baba. Mara hii minyi najua.

Mwalimu Lumbala akasikika akimwita mkewe:

— Mama Suzanne! Tafuta kuku!

Jumapili adjudant alikuja na suti badala ya gwanda, watu watatu tu. Alimwomba Béthanie msamaha mbele ya wote, na mwalimu akamjibu kwa Kiluba, "Wafwako", asante, akimshika mkono kwa muda mrefu. Harusi ikapangwa Septemba. Mama Suzanne alipopiga vigelegele, Guelord, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, aliinuka kwa haraka, akaimwaga Fanta nzima kwenye suruali yake mpya.