Gunia Nililolipeleka Altareni

Asubuhi naamka mwenyewe, nakoka moto mwenyewe, nachota maji mwenyewe. Halafu nawafungulia ng'ombe. Ndivyo ninavyoishi tangu mke wangu Apolonia afariki. Binti yetu Rosemary ameolewa Maganzo, mbali na hapa. Nyumbani tumebaki mimi, ng'ombe wanne wa kulimia, na vihenge viwili vya mahindi.

Jina langu ni Agapiti. Kijiji chetu kiko nje kidogo ya Ushirombo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nitasimulia kama ninavyoongea.

Mtu wa kanisa alikuwa Apolonia. Kila mavuno, kabla hatujauza hata debe moja, alikaa chini na ungo wake. Alipepeta, akachagua, akajaza gunia la sadaka. Mimi nilikuwa namsema.

"Wakubwa wa kanisa wanakula mazuri, sisi tunabaki na chenga?"

Aliendelea kupepeta.

Kisha akaugua. Aliugua wiki tatu. Zahanati walisema dawa zimekwisha, tusubiri. Tukasubiri. Mwenyekiti wa kigango chetu, kanisa letu la hapa kijijini, anaitwa William. Hakuja kumwona mgonjwa hata siku moja. Alikuja siku ya mazishi. Akakaa kiti cha mbele, akatoa hotuba ndefu, akala wali sahani mbili. Niliziona kwa macho yangu.

Tangu siku ile nilimchukia William. Na kwangu mimi, William na kanisa vikawa kitu kimoja.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, alikuja jirani yangu Justa. Huyu ni katekista wetu. Tunamwita Mama Damian.

"Shikamoo, Baba Rosemary."

"Marahaba, Mama Damian. Karibu kigoda."

"Sikai sana. Nimekuja kukukumbusha Sikukuu ya Mavuno. Mahindi ya mwaka huu yatawekwa ghala la kigango. Januari, njaa ikianza, tutawagawia wasiojiweza."

"Na ufunguo wa ghala anakaa nao nani?"

Mama Damian akaangalia chini. "Mwenyekiti."

"Basi nimeelewa," nikasema. "Nitaleta."

Nilileta kweli. Lakini sikilizeni nilichokileta.

Kihenge changu kimoja kilikuwa na mahindi ya mwaka wa nyuma. Yalikuwa yameingiliwa na dumuzi. Huku kwetu mdudu huyo tunamwita skania, kama lile lori, kwa sababu hamalizi mpaka abebe mzigo wote. Nilichota mahindi yale. Nikayapepeta unga wake ukaondoka. Nikajaza gunia. Juu nikamwaga mabakuli matatu ya mahindi mapya, mazuri. Nikafunga.

Nilikuwa nacheka peke yangu. Nilisema, "William, kula sasa."

Jumapili ile wanakwaya waliimba mpaka vumbi likatimka. Watu walikwenda altareni wakicheza, na vikapu kichwani, kuku mikononi. Mimi nilibeba gunia zima begani. Watu wakapiga vigelegele. "Baba Rosemary! Mgane ametoa gunia zima!" Padri akanibariki. Nikainamisha kichwa kama mtu mwema.

Nje nikakutana na Bibi Limi. Ni mzee wa jumuiya yetu, wote tunamwita Mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Anaishi na mjukuu wake Paskalia, ambaye wazazi wake walifariki.

"Mwangaluka, Mayu," nikamsalimu.

"Mwangaluka. Mungu akuzidishie, baba." Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. "Shamba langu mwaka huu limenitupa. Shangazi yake Paskalia yuko Geita, pale Kalangalala. Anamtaka akafanye kazi za ndani kwa mfanyabiashara mmoja. Nimemwambia hapana. Nikipata debe nne hapa kanisani Januari, mtoto anabaki, anamaliza darasa la saba. Nisipopata, sina la kumlisha. Atakwenda."

"Utapata, Mayu," nikasema.

Gunia langu lilikuwa limeshatolewa altareni, bado liko pale mlangoni. Ningeweza kulibeba nikarudi nalo. Ningesema nimekosea gunia. Watu wangecheka kidogo, yakaisha. Sikufanya hivyo. Vijana wa William wakalichukua, wakalimwaga ghalani pamoja na mahindi ya wengine wote.

Mwezi wa nane Mama Damian alimwomba William afungue ghala ili mahindi yakaguliwe. William alikataa. "Mimi si mwizi," alisema. "Ghala litafunguliwa Januari."

Januari likafunguliwa. Mlango uliposukumwa, vumbi jeupe lilitoka kama moshi. Sakafuni kulikuwa na unga mtupu, na skania wanatembea juu yake. Kilichobaki ni maganda. Ukikamata punje inavunjika vidoleni.

Wanawake walisimama na magunia yao matupu. Halafu Vaileth, ambaye ulimi wake hauna mlango, akaanza.

"Mwenyekiti! Ufunguo uliuvaa shingoni kama rozari! Kumbe ndani ulikuwa unafuga wadudu?"

"Mimi sijui," William akasema. Jasho lilikuwa linamtoka.

"Hujui! Na kiti cha mbele unakijua?"

Watu wakamzomea. Nami nilizomea. Semeni mnavyotaka, siku ile nilifurahi. Nilimwona William anadhalilika mbele ya watu wote, nikasema moyoni, Apolonia, umeona?

Mayu Limi hakuzomea. Alikunja gunia lake vizuri, akaliweka kwapani, akaondoka.

Siku tatu baadaye nilikuwa natoa ng'ombe. Paskalia akapita njiani na bibi yake, wanakwenda kupanda gari la Geita. Mtoto alibeba begi lake la shule. Lilikuwa limejaa nguo.

"Shikamoo, babu," akasema.

Nikaitikia marahaba. Nikawageukia ng'ombe.

Nilinyamaza miezi mitatu. Vihenge vyangu viwili viko pale pale, kimoja kimejaa mahindi mazuri. Mayu Limi anapika michembe, vile viazi vilivyokaushwa, mara moja kwa siku. Nami nanyamaza. Kila nikitaka kusema, nakumbuka aibu itamtoka William, nami ndiye nitaivaa.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu Mama Damian akaja tena. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba. Bwana shamba wa kata alikuwa amemfundisha kuhifadhi mahindi, naye akawa anatufundisha sisi. Akaweka chupa tupu ya soda juu ya kigoda.

"Tia chumvi kavu humu, Baba Rosemary. Sasa tia mahindi yako, nusu chupa. Ziba. Tikisa."

Nikatikisa.

"Iache itulie kidogo. Ukiona chumvi imeganda kwenye kioo, mahindi yana maji, rudisha juani. Isipoganda, yamekauka. Hapo unayaweka kwenye mfuko usiopitisha hewa, unafunga sana. Mdudu akikosa hewa anakufa. Na mahindi ya zamani usiyachanganye na mapya kamwe. Hata kidogo. Mdudu mmoja kwenye gunia moja anamaliza ghala."

Aliposema hivyo mkono wangu ukaacha kutikisa. Akakitazama kile kihenge kingine. Chini yake kulikuwa na unga mweupe umemwagika.

"Hiki kilianza kuliwa lini?"

"Mwaka jana."

"Kabla ya Sikukuu ya Mavuno, au baada?"

Kuku alipita katikati yetu, akadonoa punje, akaenda zake. Mama Damian hakuuliza tena. Alijua.

"Aliyeshika ufunguo ni William," nikasema kwa hasira. "Angefungua mwezi wa nane, mngeona! Na mke wangu alipougua alikuwa wapi? Mbona wakubwa hawaulizwi?"

"William amekosa," akasema. "Hakuja kwa mgonjwa, amekosa. Alifunga mlango wa watu, amekosa. Mimi mwenyewe niliogopa kumbana, nimekosa. Lakini naongea na wewe sasa."

"Ongea."

"Hili shamba ulilima wewe. Mvua nani aliileta?"

"Mungu."

"Na nguvu za kushika jembe la ng'ombe?"

"Mungu."

"Basi wewe ni wakili wake tu. Amekukabidhi utunze, ule, na wengine wale. Hiyo ndiyo maana ya uwakili. Wakili hatoi kilichomshinda. Anatoa kwanza, tena kizuri, halafu anaishi na kinachobaki. Na si mahindi peke yake. Ni nguvu zake, ni ujuzi wake, ni muda wake wa kukaa na mgonjwa. Na akishatoa, hageuki kipofu. Anauliza, kimefika? Wewe ungekuja mkutanoni ukauliza habari za ufunguo, hiyo nayo ingekuwa sadaka. Hukuuliza. Ulitia wadudu."

Nilitaka kumfukuza. Nikashindwa. Nikaanza kulia pale pale, mzee mzima na chupa ya soda mkononi.

Jumamosi jumuiya ilikutana nyumbani kwa Vaileth. Sala ilipokwisha nikasimama. Nikasema yote, kihenge, gunia, mabakuli matatu ya juu. Nilimwona William anainuka polepole.

"Miezi mitatu nazomewa!" akasema. "Watoto wangu wanaitwa watoto wa skania! Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi. Lakini ungefungua mlango, tungeona mapema."

"Na wewe ungetoa mazuri!"

"Na wewe ungekuja kumwona Apolonia!"

William akasema kwa sauti ndogo, "Niliogopa. Mke wangu alikufa hivyo hivyo, kabla sijahamia huku. Sikuweza kuingia nyumba ile nikamwona mwingine."

Sikujua. Miaka yote ile sikujua. Hakuna aliyekuwa ameniambia, na mimi sikuwa nimeuliza.

"Kaeni chini wote wawili," Vaileth akasema. "Mnagombana kama majogoo, na mwenye njaa yuko hapa."

Nikamgeukia Mayu Limi. Nikapiga magoti.

"Nimekusikia, baba. Nimekusamehe. Sasa inuka ulete mahindi. Machozi yako siwezi kuyasongea ugali."

Siku ile ile nilifunga ng'ombe kwenye mkokoteni. Nilipakia debe nne za mahindi mazuri kwa Mayu Limi. Waliokosa Januari walikuwa familia sita nyingine, nazo nikazipelekea nilichoweza. William akajazia kutoka kwake. Kihenge cha wadudu tulikichoma moto.

Wiki iliyofuata nilikwenda Kalangalala na Mayu Limi. Tulimkuta Paskalia anafua nyuma ya nyumba ya yule mfanyabiashara, mikono imechubuka. Shangazi yake hakuleta ubishi alipoona tumekuja na nauli. Tukarudi naye.

Asubuhi tukampeleka shuleni. Mwalimu mkuu akafungua daftari lake, akatikisa kichwa.

"Majina ya mtihani wa darasa la saba yalishapelekwa. Lake halimo. Mwaka huu haiwezekani. Aanze upya Januari."

Nilimwomba. Nilimwambia kosa ni langu, si la mtoto. Akasema anaelewa, lakini majina yalishakwenda. Mahindi niliweza kuyarudisha. Mwaka wa mtoto sikuweza.

Mavuno yaliyofuata, kigango chetu kilifanya tofauti. Mimi ni fundi wa vihenge tangu ujana, nikajitolea kutengeneza ghala upya. Nikapandisha vichanja, gunia lisiguse sakafu. William alinikatia miti. Hatukuongea sana, lakini tulikula pamoja. Kila anayeleta mahindi anapimiwa kwa chupa na chumvi, mbele ya watu. Yenye maji yanarudi juani. Funguo ni mbili, kwenye makufuli mawili, mmoja anakaa nao William, mwingine Vaileth. Kila Jumapili ya kwanza mlango unafunguliwa, na yeyote anaingia kuangalia. Mgonjwa akiwepo, tunapangiana zamu ya kukaa naye. Zamu ya kwanza niliomba mimi.

Nami nilikaa chini na ungo wa Apolonia. Nilipepeta vibaya, mikono ya mwanamume. Lakini nilichagua moja moja, kabla sijauza hata debe.

Januari ghala lilipofunguliwa, harufu iliyotoka ilikuwa ya mahindi. Familia saba zilipata chakula, na kilibaki cha akiba. Paskalia alikuja na gunia la bibi yake. Alikuwa amerudi darasa la saba. Wenzake wa zamani walikuwa wanakwenda sekondari, yeye anakaa na wadogo. Nikamfungia gunia, nikaona siwezi kumwacha aondoke hajui.

"Paskalia, yale mahindi ya wadudu yalikuwa yangu."

"Najua, babu. Bibi aliniambia."

Akalitazama gunia, halafu mimi.

"Mbona ulitoa, na ulijua yameharibika?"

"Nilikuwa na hasira na mwenyekiti. Niliona kama nampa yeye."

Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa hajaelewa tu.

"Lakini babu," akasema, "mwenyekiti ana mahindi yake."