Mkono Uliovunjikia Mlimani

— Mzee, unisamehe. Ile barafu ya ngazini ilikuwa kazi yangu.

Niyibizi alikuwa amepiga magoti kwenye kapeti letu hapa Oakdale, Marekani. Ilikuwa mara ya pili. Ya kwanza alipiga kanisani, Jumapili, mbele ya watu wote. Yeye ndiye anayemwaga chumvi ya kuyeyusha barafu kwenye ngazi za kanisa wakati wa baridi, na mume wangu Bagalwa, mzee wa kanisa, alisema ameteleza pale Jumamosi akavunjika mkono. Kanisa zima tukafunga siku tatu kwa ajili ya mkono huo. Mimi nilifunga hata maji, na bado nikaenda kazini, kwenye ghala la Shakopee, kubeba maboksi.

— Simama, ndugu yangu. Yameisha, Bagalwa alimwambia.

Hakumtazama usoni. Nilidhani ni maumivu. Mjinga mimi.

Niyibizi alipoondoka, simu ya Bagalwa ikalia jikoni. Tangu awekwe plasta, mimi ndiye namsomea meseji. Jina likatokea: Valentina.

"Mkono unaendeleaje, shujaa? Video ya Jumamosi hiyo hapo. Tumekukosa mlimani."

Shujaa. Damu ikanipanda. Nikafungua video nikitegemea kumwona huyo mwanamke, nikamwona mume wangu, miaka hamsini na saba, kofia ngumu kichwani na mbao za kutelezea miguuni. Anashuka kilima cha theluji, anarukia bomba refu la chuma, anateleza juu yake hatua tatu hivi, halafu chini, puu. Vijana wa shule wanampigia makofi.

Niliirudia mara nne.

— Baba Héritière, njoo hapa.

Alipoona simu, alivuta kiti akakaa.

— Valentina ni nani?

— Mwalimu wa mchezo ule. Ana miaka sitini na nane, ana wajukuu.

— Sijakuuliza wajukuu. Mkono ulivunjikia wapi?

— Hapo ulipoona.

— Na ngazi za kanisa?

— Siku ile sikufika kanisani.

— Na kila Jumamosi ukiniaga unaenda maombi ya wazee?

— Nilikuwa mlimani. Tangu mwezi wa kumi na mbili.

— Ukamwacha Niyibizi apige magoti, Bagalwa.

Miaka thelathini sijawahi kumwita jina lake tupu. Alilisikia.

— Daktari aliponiuliza nimeangukaje, ulikuwa umeshafika. Niliona haya mbele yako. Nikataja ngazi za kanisa, ikatoka tu. Kesho yake Niyibizi akasimama mbele za watu. Nilitaka kusema, ulimi ukawa mzito.

— Mtu mzima na akili zako, unatafuta nini juu ya mabomba?

— Kucheza. Utotoni nilikimbia vita. Kambi ya wakimbizi tulipanga foleni ya chakula miaka kumi na sita. Hapa nikaingia zamu za kazi. Siku moja napita pale, nawaona watoto wanaruka, wanaanguka, wanacheka. Nikaona wivu, mama. Ningekwambia, ungenicheka.

Ningemcheka kweli. Ningewapigia simu kina mama wote wa maombi, tumcheke pamoja. Hapo aibu ikanishika na mimi. Lakini Niyibizi alikuwa bado ananikaa rohoni.

— Jumapili utasema mbele ya kanisa.

— Wataniondoa kwenye wazee.

— Wakuondoe. Usiposema, nitasema mimi. Na nikisema mimi, hatutakula tena meza moja.

Sikuwa namtisha.

Jumapili, Mchungaji Sosthène akaita ushuhuda. Bagalwa akabaki amekaa. Kwaya ikaimba, ikamaliza. Nikaanza kuona ndoa yangu inaishia kwenye benchi lile. Mchungaji alishafungua Biblia ndipo mume wangu aliposimama.

— Nilidanganya, alisema. Mkono niliuvunja mlimani, nikicheza. Ngazi za Niyibizi zilikuwa safi.

Huko nyuma mtu akacheka. Bagalwa akamwendea Niyibizi, akajaribu kupiga magoti, lakini kwa ile plasta akayumba, hawezi kushuka. Kanisa zima linaangalia. Nikatoka kwenye benchi la kina mama, uso unaniwaka, nikampa bega. Tukashuka wote wawili.

— Mzee, nilishindwa kula siku tano, Niyibizi alisema.

— Najua.

— Hujui.

Niyibizi akainama. Kisha akamshika chini ya kwapa.

— Simama. Kukaa hapo mbele za watu kunauma, mimi najua. Mengine nitakwambia nikiwa tayari.

Siku hiyohiyo Bagalwa aliondolewa kwenye wazee. Njiani niliendesha mimi. Yeye alikuwa anatazama dirishani, machozi yanamtoka.

— Unanionea aibu, Mama Héritière?

— Sana.

Akaitikia kwa kichwa.

— Lete mkono, nikamwambia. Ule mzima.

Nikaushika, nikaendesha kwa mkono mmoja mpaka nyumbani.