Asali ya Kupimia Mawe

"Yaani umeipaka kwenye mawe?"

"Nimeipaka kwenye mawe. Ulitaka niipake wapi, kichwani?"

Mchimba visima aliinua chupa ya asali iliyobaki nusu. Shati lake jeupe lilikuwa limepigwa pasi, buti bado zina tope. Mpenzi wake, fundi wa maabara, hakugeuka. Alikuwa ameinama kwa koti lake la buluu, vidole vinanata, akikaza vyuma viwili vilivyobana kipande cha jiwe la mchanga. Chuma kimoja kilipeleka mawimbi ya sauti, cha pili kiliyapokea.

"Ilikuwa ya mama yako!"

"Hukusema. Jana nililalamika asali ya kazi imeisha, leo naikuta mezani. Nikajisemea, mwanamume wangu ana masikio."

"Maabara nzima hii inategemea asali?"

"Jiwe hili lina vitundu, baba. Chuma kisipogusana nalo sawasawa, mawimbi yanaishia njiani. Asali inavishikanisha. Tazama."

Kwenye kioo cha mashine mstari ulitulia, kisha ukaruka. Mchimba hakutazama.

"Kila nikisema twende kwa mama yako, una vipimo. Kesho mtambo wetu wa kuchimba unahama, sijui nitarudi lini. Kama hunitaki, sema. Usinimalizie asali."

Fundi akageuka. Kumbe macho ya mwenzake yalikuwa mekundu.

"Ningekukataa, ningekupikia chai kila siku? Naogopa tu. Mama ana maswali, na wewe ukiulizwa unakuwa bubu."

"Basi nijaribu."

Fundi akampigia mama yake simu kwa kidole kidogo kisichonata, akaweka spika.

"Mama, kuna mtu anataka kukuona. Alikuletea asali, nimeimaliza kazini."

"Afadhali!" mama akajibu. "Mimi na kisukari changu, alitaka kunizika kabla sijamwona? Anasemaje huyo bubu?"

Mchimba akaisogelea simu. "Shikamoo mama. Nataka kumuoa binti yako."

"Marahaba. Kumbe anaongea! Njooni sasa hivi, na buti aziache mlangoni."

"Amejuaje buti?" akanong'ona.

"Namsimulia kila siku, mpumbavu wangu wewe."

Kipimo kilikuwa hakijaisha. Fundi akazima mashine, akavua koti, akamshika mkono.

"Unanata," mchimba akacheka. "Hunawi?"

"Sinawi."

Akafunga maabara kwa mkono wa kushoto, wakashuka ngazi.