Vidonge Ishirini Ndani ya Kikapu

Je, wewe unayesoma, umewahi kurudishwa nyumbani mikono mitupu, ukalaumu kila mtu njiani, na kumbe jibu lililotakiwa ulikuwa nalo mwenyewe mdomoni? Mimi yamenikuta, tena nikiwa na mvi zangu hizi, mbele ya mjukuu wangu Kunegunda. Ngoja nikueleze vizuri, maana mambo haya hayafai kurukwa.

Kunegunda ana miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na anaishi nami hapa Ruhuwiko, Songea. Asubuhi anafagia uwanja, anachota maji ndoo mbili, anapaka mafuta miguu mpaka inang'aa, anakwenda shule. Jioni tukishakula anashusha kopo la kahawa lililo juu ya kabati, anatoa bahasha ya dawa, anameza vidonge viwili. Ni dawa ya kifafa. Zamani alikuwa akianguka hata darasani, na wenzake walimkimbia. Tangu aanze dawa huu ni mwaka wa tatu, hajaanguka hata mara moja.

Kila tarehe ishirini na tatu tunakwenda kliniki. Daktari anaandika cheti, tunakipeleka famasi mjini, tunapewa vidonge sitini vya mwezi mzima. Hatupewi sitini na kimoja.

Sasa sikiliza. Jumamosi moja, tarehe tisa, alikuja Severina kutoka Mpitimbi. Ni mke wa Christopher, mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo mimi ananiita shangazi. Alileta kikapu kimejaa viazi vitamu na maharage mabichi. Alikaa tangu saa nne. Akazungumza habari za mbolea, akazungumza habari za mvua, akasimama kama anayeaga, akaketi tena. Mwisho machozi yakamtoka.

"Shangazi, Anjelika wangu ameanza kuanguka kama alivyokuwa akianguka Kune. Ameanguka mara mbili wiki hii. Nakuomba asijue mtu. Kijijini wakijua, hakuna mtoto atakayekula naye sahani moja."

Anjelika ana miaka sita tu. Huruma ilinishika. Nilimwona Severina akitazama lile kopo, nikadhani nimeelewa anachotaka. Tena kwetu kikapu cha mgeni hakirudi kitupu. Nilichukua bahasha, nikahesabu vidonge ishirini, nikavifunga kwenye karatasi ya daftari, nikaviweka ndani ya kikapu na kipande cha sabuni juu yake.

Kunegunda alikuwa mlangoni, anaona yote. Mgeni alipoondoka akasema, "Bibi, vimebaki vinane. Vya siku nne."

"Tutakwenda kuomba vingine," nikamjibu. "Dawa si dhahabu."

Jumatatu, Kunegunda alipotoka shule, tulianzia karibu, kwenye duka la dawa muhimu la Saimon hapa mtaani. Saimon namjua tangu anatambaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nipatie vidonge vya Kune, ishirini tu."

Saimon akacheka. "Bibi, hiyo hapa haiingii. Duka langu lina kibali cha dawa za kawaida. Hiyo ni ya famasi, na kwa cheti. Nikiuza watanifungia, halafu dawa ya mgongo wako utanunua kwa nani? Kwa muuza dagaa?"

"Unanifanyia mzaha, nami nimekubeba mgongoni!"

"Ndiyo maana sitaki uje kunitazama mahabusu, bibi."

Tukashika njia ya mjini kwa miguu, jua linachoma, viatu vya Kunegunda vimejaa vumbi jekundu. Njiani nikamwambia mtoto, na hapa ndipo ninapoona aibu hata leo: "Ukiulizwa, sema vidonge vimeloa mvua."

"Kwa nini tusiseme ukweli, bibi?"

"Siri ya mtoto wa mwenzio haitangazwi dirishani."

Famasi ilikuwa imejaa watu. Mfamasia anaitwa Hilda, dada mwembamba mwenye koti jeupe. Nyuma yake kuna kabati dogo lenye kufuli mbili, na juu yake daftari nene. Alilifungua daftari, kidole kikashuka mstari kwa mstari.

"Kunegunda. Vidonge sitini, tarehe ishirini na tatu mwezi uliopita. Leo ni tarehe kumi na moja. Vimekwendaje?"

Kunegunda akatazama chini. "Vimeloa mvua."

"Pole sana mdogo wangu. Viko wapi? Niletee hata kama vimekuwa uji. Dawa hii ikiharibika inarudi hapa, naiandika, haitupwi ovyo."

"Tumeshavitupa," nikadakia.

"Wapi, bibi?"

"Shimoni."

"Na bahasha yake?"

Mtoto, kwa kuwa amezoea kutii, akaitoa mfukoni, tupu, maana vidonge vilivyobaki tuliviacha ndani ya kopo. Ilikuwa kavu na safi, hata maandishi ya wino hayajafifia. Hilda akaigeuza upande huu na upande ule.

"Bahasha kavu, vidonge vimeloa," akasema polepole. "Hiyo mvua ina akili."

Watu nyuma yetu wakacheka. Mwanaume mmoja akaita, "Bibi, sogea basi! Hapa si sokoni kwamba mtapatana!"

Nilipandwa na hasira. "Dada, mtoto ana kifafa! Unataka aanguke ndipo uridhike? Dawa iko nyuma yako hapo, na ufunguo unao!"

"Ufunguo ninao, bibi, lakini ruhusa ninaipata kwenye cheti. Kila kidonge kinachotoka kwenye kabati hili lazima nijue kimeingia tumboni mwa nani. Dawa hii ikizidi inaua. Wapo pia wanaoitafuta kwa ulevi. Nendeni kliniki kesho, daktari aandike upya. Lakini naye atauliza vile vingine viko wapi." Akafunga daftari. "Mimi mwenyewe nachoka kusema hapana, bibi. Kutwa natukanwa."

Nikatoka nikinung'unika. Nikailaumu serikali, nikalaumu makaratasi, nikamlaumu Hilda na koti lake. Tukajaribu famasi ya pili. Huko hawakutaka hata kunisikiliza: cheti kiko wapi? Tukarudi Ruhuwiko jua linazama, miguu imevimba, tumepata sifuri.  Jioni Kunegunda akashusha kopo, akameza viwili vyake, akahesabu kwa sauti ili nisikie.

"Vimebaki viwili, bibi. Vya kesho tu."

Baadaye kidogo akaongeza, "Mimi nikianguka shuleni, watarudi kunikimbia. Na tena nitakuwa nimesema uongo bure."

Maneno yale yalinikaa kifuani kama ugali mbichi.

Asubuhi ya Jumanne niliomba ruhusa kwa mwalimu, tukarudi kwa Hilda kabla watu hawajajaa. Nilikuwa nimepanga uongo mwingine mzuri zaidi, habari za panya. Nikafungua mdomo. Lakini Kunegunda alinitangulia.

"Shikamoo dada. Jana nilidanganya. Vidonge havikuloa. Tumempa mtoto mwingine ishirini. Naye anaanguka kama mimi. Ana miaka sita."

Nilisubiri kufokewa. Hilda hakufoka. Aliweka kalamu chini, uso umebadilika.

"Mtoto huyo ana kilo ngapi?"

Sikujua.

"Ameambiwa ameze vingapi kwa siku?"

 Sikumwambia Severina chochote! Nilifunga vidonge kama ninavyofunga chumvi.

"Mpigie simu mama yake sasa hivi, bibi. Hapa hapa."

Severina akapokea. Hilda akaichukua simu yangu. "Mama, hujambo. Mimi ni mfamasia. Sikugombezi. Anjelika unampa vidonge vingapi?"

Sauti ikasikika kwa mbali: "Viwili asubuhi, viwili jioni. Nilitaka apone upesi. Hajaanguka tena, ila... analala tu. Leo nimemwamsha, akisimama anayumba kama mlevi."

Kunegunda kwa siku anameza viwili, naye ni mkubwa mara mbili ya Anjelika. 

"Usimpe kingine mpaka daktari amwone," Hilda akasema. "Mlete hospitali sasa hivi, na vidonge vilivyobaki uje navyo vyote. Nitampigia daktari awasubiri."

Mimi na Kunegunda tuliwatangulia hospitali; walifika kwa bodaboda, mtoto kafungwa kanga mgongoni mwa mama yake, kichwa kinaning'inia. Sitasahau kichwa kile. Daktari alimpima uzito, akamsikiliza moyo na pumzi, akamlaza kitandani achunguzwe. Tulikaa kwenye benchi, mimi nikihesabu punje za rozari bila kujua niko fungu gani. Saa tisa alasiri Anjelika akafumbua macho, akaomba uji. Daktari akasema angebaki siku mbili. Ni kifafa kweli, akasema, ila dozi yake ataipanga yeye, kwa kilo zake, na jina lake litaandikwa kwenye kadi yake mwenyewe.

Kunegunda naye aliandikiwa cheti kipya cha siku kumi. Daktari alitaka kujua vile ishirini vilikwenda wapi, na safari hii tulimjibu bila kupepesa macho. Tukakipeleka kwa Hilda, Severina akitufuata na kikapu chake. Ndani mlikuwa na ile karatasi ya daftari. Hilda akahesabu: vinane.

"Si bora umrudishie Kune hivyo?" nikauliza, maana mazoea hayafi upesi.

"Hapana, bibi. Vimetoka kwenye bahasha, vimekwenda Mpitimbi, vimerudi kikapuni. Sijui vimekaa na nini." Akaviandika kwenye daftari, akavifungia kabatini peke yake, vikisubiri kuharibiwa kwa utaratibu. Kisha akahesabu vingine ishirini, kimoja kimoja, akampa Kunegunda bahasha mpya.

"Sikia, Kunegunda," akasema, "na wewe bibi sikia. Jana mlipodanganya nilikuwa na mtoto mmoja tu mbele yangu. Yule wa Mpitimbi sikumjua, kwa hiyo nisingeweza kumsaidia. Daftari hili linaniambia vidonge vimetoka vingapi. Vimekwenda wapi, hilo mnaniambia ninyi. Ukweli wako leo umemwahi mwenzio. Chumvi na moto gawaneni na majirani, ila dawa ya mtu ni ya mtu huyo. Mkimwona mgonjwa, mpelekeni kwa daktari."

"Ndiyo, dada," Kunegunda akajibu. Nami nikajibu hivyo hivyo, kama mtoto wa shule.

Tukatoka nje. Nikamgeukia Severina. "Nisamehe, mwanangu. Nilidhani nakusaidia. Lakini ulipokuja kutaka vidonge, ungeniuliza mtoto ameze vingapi."

Akakibana kikapu kifuani. Alisitasita, kama siku ile alipokaa akihadithia mbolea na mvua.

"Shangazi, mimi sikuja kutaka vidonge kabisa. Ulipovitia kikapuni nikaona haya kuvikataa. Nilikuja kukuomba unisindikize hospitali, maana peke yangu nilikuwa naogopa."